Soko Lina Lango

Makala ninayotaka kuizungumzia niliipata kwenye flashi ya mtu, katikati ya nyimbo za injili na filamu za kutafsiriwa. Lilikuwa faili la maandishi matupu, halina hata picha moja. Jina lake ni The Cathedral and the Bazaar, yaani Kanisa Kuu na Soko, na aliyeiandika ni Mmarekani Eric S. Raymond. Watu wa Linux huitaja kama wazee wetu wanavyotaja methali: hata ambaye hajaisoma anajua inasema nini. Mimi nimetumia Linux miaka sita hapa Nakivale bila kuisoma. Mwaka huu nimeisoma mara tatu. Kuna mahali ninakubaliana naye kabisa, na kuna mahali tunagombana. Ugomvi huo ndio ninaouleta kwenu.

Kwanza tumtendee haki, tuseme anasema nini. Raymond aliisoma makala yake mbele ya watu Mei 1997, kwenye mkutano wa Linux mjini Würzburg, Ujerumani, na mwaka 1999 ikatoka kama kitabu. Anasema kuna namna mbili za kutengeneza programu. Ya kwanza ni kama kujenga kanisa kuu la zamani: mafundi wachache wanajifungia, wanachonga jiwe kwa jiwe, na mlango haufunguliwi mpaka kazi iishe. Ya pili ni kama soko: kila mtu anaingia na kelele zake, anaweka alichonacho, anachukua anachotaka, na bado mwisho wa siku kitu kinasimama. Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi Helsinki, aliitoa Linux mwaka 1991 ikiwa bado mbichi kabisa, watu wakaanza kuitengeneza pamoja naye. Raymond alishangaa kwamba fujo ile ilizaa mfumo imara. Akajaribu mwenyewe kwa programu yake ndogo ya kuvuta barua pepe, fetchmail, na ikafanya kazi.

Makala haikubaki maneno tu. Kampuni ya Netscape ilipoamua mwaka 1998 kuachia wazi msimbo wa kivinjari chake, ilikiri kwamba mawazo ya Raymond yalikuwa yameisukuma. Kutoka kwenye msimbo ule ndipo baadaye ilipokuja Firefox, ambayo nusu yenu mnaitumia. Kwa hiyo tunazungumzia karatasi iliyobadilisha kitu.

Sasa nije kwenye soko.

Jirani yangu ni Mama Mapasa. Anauza ndakala, mawese na chumvi hapa Base Camp, karibu na njia. Jioni moja nilimweleza makala kwa ufupi, kwa sababu nilitaka kusikia mtu wa soko anasema nini kuhusu soko. Alinisikiliza huku anafunga chumvi kwenye vimfuko.

"Uyu mutu anauzishaka nini?"

Nikamwambia hauzi kitu, anafananisha tu namna watu wanavyofanya kazi pamoja.

"Basi hayalipaka ushuru," akasema. Halafu akanieleza pole pole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Mwalimu, ku soko kila fasi iko na mwenyewe. Ukifika mupya unaikala ku jua. Hakuna mutu atakufukuza. Lakini hakuna mutu atakuona."

Sijasoma mahali popote uhakiki wa Raymond ulio mfupi na wa kweli kuliko huo. Raymond anaelezea soko kama mtu aliyefika tayari yuko ndani. Anasikia kelele, anafurahi. Mama Mapasa anaelezea soko kama mtu aliyewahi kufika asubuhi ya kwanza, hana meza, hana anayemkopesha, hajui nani anapanga fasi. Aliuza juani karibu mwaka mzima kabla ya kupata kivuli. Leo ana daftari la madeni ya watu wengi, na siku anapokwenda kupokea posho jirani yake wa meza anamuuzia. Hayo yote ni soko. Ndani ya makala sikuyaona.

Ngoja niwape kisa chenyewe, maana bila hicho nisingeandika.

Darasa letu la jioni lina kompyuta kumi na moja za zamani, ndani ya chumba tulichoazimwa na kanisa, kwa umeme wa sola. Tuliziwekea Linux kwa sababu mashini hizo zisingebeba kitu kingine, na kwa sababu ni bure na hakuna anayekuuliza karatasi za leseni. Nilichagua pia lugha ya Kiswahili, ili wanafunzi wasome vitufe bila kuniita kila dakika. Nilijivunia sana uamuzi huo.

Binti mmoja wa darasa aliandika kwa wiki nne habari ya safari yao kutoka Rutshuru mpaka Bunagana, alipokuwa na miaka tisa. Kurasa kumi na moja. Alitaka ziingie kwenye jarida hili. Jioni moja alikuwa anaondoa nakala ya zamani kwenye flashi yake. Kumbe alikuwa amechagua faili jipya. Dirisha likatokea kumuuliza kama ana uhakika. Akaona jina la faili, akashtuka, akataka kurudi nyuma. Vitufe vilikuwa viwili. Cha kushoto kiliandikwa "Futa". Cha kulia kiliandikwa "Futa".

Mtafsiri fulani, siku fulani, alikuwa ametafsiri neno la kuondoa faili kwa "futa", na mwingine, au yeye yule siku nyingine, akatafsiri neno la kusitisha jambo kwa "futa" vilevile. Na kweli, ukiwa na orodha ya maneno peke yake mbele yako, yote mawili ni sahihi: tunafuta maandishi ubaoni, na tunafuta mkutano. Ukiyaweka kwenye dirisha moja ni mtego.

Akabonyeza kimoja. Kwenye flashi faili halikwenda kwenye pipa la taka, liliondoka moja kwa moja. Nilitafuta kwa kila chombo nilichokijua mpaka betri ya sola ikaisha. Nilimwambia pole. Alisema, "Hakuna shida, Mwalimu," na hakurudi darasani siku tisa.

Raymond ana wazo moja linalopendwa kuliko yote, kwamba macho yakiwa mengi ya kutosha, kila kosa litaonekana na mtu na litarekebishwa. Analipa jina la Torvalds kama sheria. Niliposoma hapo nilifunga mashini. Nikajiuliza: macho mangapi ya watu wanaojua Kiswahili yalipita mbele ya vitufe vile viwili? Sisi ni mamilioni. Lakini fikiri vizuri. Fundi wa programu aliyeko Nairobi au Dar es Salaam anatumia kompyuta yake kwa Kiingereza, kwa hiyo hawezi kukutana na kosa hilo. Anayekutana nalo ni mtu anayehitaji Kiswahili kwenye skrini, na mtu huyo ndiye asiyejua kwamba kuna mahali pa kulalamika, na ambaye hata akijua, atatakiwa kulalamika kwa Kiingereza. Macho yapo, ila yenye kuona na yenye kusikilizwa si macho yale yale.

Hata kwa wakubwa sheria hiyo imewahi kuyumba. Mwaka 2014 dunia iligundua kasoro iliyoitwa Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu huria inayolinda siri za sehemu kubwa ya intaneti. Ilikuwa imekaa humo miaka miwili, wazi kwa yeyote kusoma. Watunzaji wake walikuwa wachache mno, na michango waliyopata haikufanana na uzito wa kazi. Halafu Machi 2024 ikaja habari ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili, iliyotunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja aliyechoka. Mgeni alijifanya msaidizi mwema, akajenga uaminifu taratibu, akapewa funguo, akaweka mlango wa siri. Aliyeligundua ni mhandisi mmoja, Andres Freund, kwa sababu aliona kuingia kwenye seva kunachelewa kama nusu sekunde. Hayakuwa macho mengi. Ilikuwa jozi moja ya macho, ya mtu aliyekuwa na muda wa kujali nusu sekunde.

Muda wa kujali una bei. Mimi niliamua kuliripoti lile kosa, na nikajifunza bei yake.

Kwanza bando. Hapa Uganda, tangu Julai 2021, bando la intaneti lina kodi ya asilimia 12, na wewe unajua jinsi megabaiti zinavyokwisha kabla ukurasa haujafunguka. Kisha akaunti. Fomu iliniuliza nchi yangu. Kisanduku kimoja tu, chagua. Nilikaa mbele ya kisanduku hicho muda mrefu kuliko nilivyokaa mbele ya kosa lenyewe. Nikichagua Kongo, nasema uongo kuhusu ninapoishi. Nikichagua Uganda, nasema uongo kuhusu mengine. Nilichagua Uganda.

Mimi sikufungiwa, niseme hivyo wazi. Hakuna aliyeniuliza zaidi. Lakini kisanduku kile si cha mapambo. Julai 2019 GitHub, ghala kubwa la misimbo duniani, iliwawekea mipaka watumiaji walioko Iran, Syria na Crimea kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Oktoba 2024 majina ya watunzaji kadhaa wenye uhusiano na Urusi yaliondolewa kwenye orodha ya watunzaji wa Linux yenyewe, kwa sababu za namna hiyo hiyo. Sibishani hapa nani alikuwa na haki. Ninachosema ni kwamba soko la Raymond lina lango, na langoni kuna mtu anayeangalia umetoka wapi. Sisi tunaoishi kwa karatasi hatukuhitaji kuambiwa. Ila msomaji wa makala ile hataona lango hilo, kwa kuwa wakati inaandikwa mwandishi na marafiki zake walikuwa wanapita bila kusimamishwa.

Niliandika ripoti kwa Kiingereza changu cha kuunga unga, nikaambatanisha picha ya vitufe. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na tisa. Waliniuliza toleo gani la programu. Sikuwa na bando. Nilipopata, nikakuta ripoti imefungwa na mashini kwa sababu mimi, mwenye shida, sikujibu ndani ya siku kumi na nne. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyeniona. Nilimkumbuka Mama Mapasa.

Niliifungua tena. Safari hii akajibu mtu wa kundi la tafsiri, kwa Kiswahili: "Ndugu, asante kwa kuliona hili. Ungependa kulirekebisha mwenyewe?" Akanionyesha hatua. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nami nawaambia, baada ya miaka mingi ya kupokea, kupewa jembe ni heshima kubwa. Hapa Raymond ana haki kabisa, na ndiyo sehemu bora ya makala yake: anasema mtumiaji mtendee kama mwenzako wa kazi, naye atakuwa mwenzako. Mashirika yaliyotupitia huku yametuita majina mengi, walengwa, wanufaika. Mwenzangu wa kazi aliniita mtu nisiyemjua, kwa ajili ya neno moja.

Halafu tukabishana juu ya neno lenyewe. Yeye alitaka "Ghairi". Mimi nikasema darasani kwangu hakuna anayelijua "ghairi", ni neno la pwani na la vitabu. Weka "Acha", kila mtu kuanzia Goma mpaka Bujumbura ataelewa. Akasema "acha" inaweza kusomwa kama kuacha faili lilipo au kuacha kazi nzima. Nikasema na "ghairi" haisomwi kabisa. Tulikwenda hivyo wiki kadhaa, kwa adabu, bando kwa bando. Mwisho ikabaki "Ghairi", maana ndilo lililokuwa limetumika kwenye programu nyingine, na kuwa na maneno mawili kwa kitu kimoja kungezaa mtego mwingine. Nilishindwa. Lakini vitufe viwili sasa vina majina mawili. Kutoka ripoti ya kwanza mpaka neno kuingia ilichukua miezi minne.

Nirudi kwa Raymond, kwa kuwa kuna jambo linaloniuma kidogo katika kumlaumu. Unajua kwa nini alishughulika na fetchmail? Kwa sababu kompyuta yake ya nyumbani haikuwa hewani muda wote, na alichoka kwenda kuchungulia barua zake kwenye seva ya mbali. Mtandao wa kukatika katika! Shida yetu sisi. Anasema kazi nzuri huanza pale fundi anapojikuna mahali panapomwasha mwenyewe. Sawa. Sisi tunawashwa mwili mzima. Mbona hapa haikuzaliwa fetchmail? Kwa sababu yeye, kabla ya kuwashwa, alikuwa tayari na kucha: ujuzi wa miaka, mashini yake, chakula mezani, na programu ya mtu mwingine ya kuanzia. Na anakiri mwenyewe kwamba bila intaneti ya bei nafuu mtindo huu wa Linux usingewezekana. Anakiri, lakini anapita haraka. Mimi ningetamani akae pale kurasa kumi, kwa kuwa hapo ndipo lango lilipo.

Gharama ya kupita haraka tunaiona sasa. Agosti 2025 Debian ilitoa toleo lake la 13, na safari hii haina tena kisakinishi kwa kompyuta za biti 32. Nne kati ya zetu kumi na moja ni za namna hiyo. Siwalaumu. Kutunza mashini za zamani ni kazi ya mikono ya watu, na mikono ilipungua, kwa kuwa wenye kuandika msimbo hawana tena mashini hizo nyumbani. Soko limewasikiliza walioko sokoni. Wenye mashini za zamani wako juani, hawana meza.

Na bado sikubali na picha yake ya kanisa. Kwake kanisa kuu ni mahali pa kujifungia. Nimelitazama kanisa lililotuazima chumba. Lilijengwa na watu wa Rubondo na Base Camp, kila familia ilifyatua matofali yake, asiye na tofali alileta maji, mzee mmoja asiyeweza kubeba alikuja kukaa na kuchekesha wengine. Hakukuwa na bwana fundi aliyejifungia. Yaani kanisa letu limejengwa kama soko lake, na soko letu lina lango kama kanisa lake. Hata Kiswahili cha kwenye kompyuta hakikuja kwa njia moja. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukisaidiwa kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hao walikuwa kikundi kidogo, wenye mpango na fedha, wakamaliza ndipo wakafungua mlango. Kanisa kuu hasa. Wala soko halikuwa limeifanya kazi hiyo kabla yao. Wao wakatengeneza maneno, na miaka mingi baadaye mtu wa kambini anaweza kubishana juu ya neno moja, kwa sababu kuna mtu alianza. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini inabidi mtu aonyeshe chawa yuko wapi.

Basi hukumu yangu ni hii. Makala ya Raymond ni nzuri na inafaa kusomwa, hasa na kijana anayedhani kompyuta ni kitu cha kupewa tu. Inampa ruhusa ya kuweka mkono. Lakini isomwe kutokea langoni. Kila anaposema "kila mtu" tuulize anamhesabu nani. Na wale miongoni mwetu waliokwisha kupata kivuli kidogo, mwenye bando, mwenye Kiingereza, mwenye akaunti, wabebe makosa ya wengine mpaka ndani. Tangu ile habari ya "Futa" tumeweka daftari darasani. Mwanafunzi akiona neno lisiloeleweka analiandika kwa lugha yoyote, Kiswahili, Kinyarwanda, Kifaransa, na mwisho wa mwezi mmoja wetu anakwenda mahali penye mtandao kuyaingiza yote kwa pamoja. Mpaka sasa yako ishirini na saba. Manne yamekubaliwa.

Yule binti alirudi siku ya kumi. Ameandika upya, imefika kurasa sita. Nilimwambia ni nzuri. Akasema ile ya kwanza ilikuwa na mambo ambayo sasa hayakumbuki vizuri, hasa usiku wa pili njiani. Sikuwa na la kumjibu.

Anayeitaka makala ya Raymond, faili ninalo. Mwandishi ameruhusu isambazwe bila kulipa. Njoo na flashi yako, darasa liko nyuma ya kanisa, kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka sola inapochoka.